Dawa ya presha inamvimbisha mama miguu

SWALI: Mama ana miaka 61, anameza amlodipini miligramu 10. Jioni miguu inavimba hadi viatu havimwingii, basi anaiacha siku 3 au 4, kisha anarudia. Tufanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mpe pole mama. Mara nyingi uvimbe huo unatokana na dawa yenyewe: inatanua mishipa midogo, maji yanavujia vifundoni, hasa kwa dozi ya 10. Vidonge vya kukojoza haviuondoi vizuri. Asijiachishe dawa. Arudi kliniki wiki hii na aseme wazi kwamba huwa anaruka dozi. Wengi hulificha hilo, daktari akiona presha iko juu anaongeza dawa bure. Daktari anaweza kumshushia hadi 5 na kumwongezea losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo hupunguza pia uvimbe. Akivimba uso au akihema kwa shida, aende siku hiyohiyo.

Akisahau kidonge, ameze akikumbuka siku hiyo. Kesho yake asimeze viwili.

Mpimeni presha asubuhi kabla ya dawa: akojoe kwanza, akae kimya dakika 5 ameegemea kiti, mkono mezani usawa wa moyo. Pimeni mara 2, mkiandika zote kwenye daftari la kwenda nalo kliniki.