Mhadhiri wako asiwe mshauri wako

Ndugu yangu, umeuliza kama mhadhiri anayekufundisha saikolojia ya ushauri nasaha, ambaye pia anahudumia wateja kliniki, anaweza kukupokea kama mteja. Hapana, hata kama unamwamini sana. Anayesahihisha mitihani yako hawezi kukusikiliza ukilia leo, kisha kesho akupe alama kana kwamba hakusikia kitu. Nawe utaanza kuchuja maneno, na tiba haiendi kwa maneno yaliyochujwa. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kifungu cha 7.05, zinamkataza mhadhiri anayekupima kukupa tiba iliyo sharti la kozi; na hata kwa tiba ya hiari, kifungu cha 3.05 kinamtaka aepuke uhusiano wa pili na mtu yuleyule ikiwa unaweza kuharibu uamuzi wake. Mwombe akuelekeze kwa mtaalamu asiyekufundisha. Uzoefu wake wa kliniki utaufaidi darasani, anapoeleza kikao kilivyokwama bila kumfichua mteja.