Nukta za kwanta na mwanga: majibu kwa wasomaji

Nukta ya kwanta ni kitu gani, na kwa nini huitwa atomu bandia?

Ni kisiwa kidogo mno cha nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) kimoja, kwa mfano indiamu asenaidi, kilichozikwa ndani ya kingine, kama vile galiamu asenaidi. Upana wake huwa nanomita 20 hivi, na kimo chake nanomita chache tu. Elektroni iliyonaswa humo hukosa nafasi ya kutangatanga, kwa hiyo viwango vyake vya nishati huachana mithili ya vipandio vya ngazi, kama ilivyo katika atomu.

Fotoni, yaani chembe za mwanga, hupatikanaje moja moja?

Mpigo wa leza huipandisha elektroni moja hadi kiwango cha juu cha nishati, nayo huacha tundu, yaani nafasi tupu, nyuma yake. Jozi hiyo, yaani eksitoni, hudumu takriban nanosekunde 1, kisha elektroni hurudi tunduni na fotoni moja hutoka.

Ikiwa majaribio ya kutoa fotoni moja moja yamefaulu, mwananadharia amebakiwa na kazi gani?

Amebakiwa na kazi kubwa, na kwangu hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1963 wanafizikia Jaynes na Cummings walieleza kwa hesabu jinsi atomu moja inavyopokezana nishati na mwanga uliofungiwa baina ya vioo, na mwaka 2004 upokezanaji huo ulionekana katika nukta za kwanta. Hata hivyo, atomu ya hesabu hiyo iko peke yake, ilhali nukta imezungukwa na fuwele inayotetema. Eksitoni inapozaliwa, atomu za jirani husogea kidogo sana, na wimbi dogo la sauti huondoka ndani ya pikosekunde chache likiwa limebeba habari za hali ya nukta. Habari hizo zikishatoroka, mpangilio wa kikwanta hufifia. Wimbi hilo lina urefu unaokaribiana na ukubwa wa nukta, na ndiyo maana hesabu zinaonyesha jambo la kushangaza: ukiongeza nguvu ya leza ufifiaji huzidi, lakini ukiendelea kuiongeza hupungua, kwa sababu nukta hubadilika upesi kuliko fuwele inavyoweza kuifuata.

Je, kuipooza nukta hadi kelvini 4 (karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri) hakuondoi mitetemo?

Hupunguza ile inayotokana na joto tu. Hata kwenye sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, nukta inayosukumwa na leza bado inaweza kuipa fuwele fononi, yaani chembe za mtetemo, kwa kuwa kutoa nishati hakuhitaji joto. Kwa hiyo naona si sahihi kuihesabu mitetemo kama dosari ya kusahihishwa mwishoni. Inapaswa kuwemo katika milinganyo tangu mstari wa kwanza.