Kufunga mota ya flapu kwenye ndege ya kujijengea: ushauri wa fundi umeme wa Mtwara

Mtu anayejijengea ndege ndogo akifika kwenye hatua ya flapu, swali lake la kwanza huwa ni mota gani inunuliwe. Mimi humwomba aanze na swali jingine: flapu ya kushoto na flapu ya kulia zitashikanishwa kwa chuma gani? Nimefanya kazi ya umeme wa magari na boti hapa Mtwara kwa miaka mingi, na nilipoitwa kufunga umeme wa ndege ya viti viwili iliyokuwa ikijengwa kwenye banda moja upande wa Mikindani, niliona mapema kwamba nyaya ndizo sehemu nyepesi ya kazi ile. Uzito wake uko kwenye vyuma, na kwenye chumvi ya pwani yetu.

Flapu ni vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na kiwiliwili cha ndege, ambavyo rubani huvishusha anapotua ili bawa liweze kubeba uzito kwa mwendo mdogo zaidi na ndege ishuke kwa mteremko mkali bila kushika kasi. Zikishuka sawasawa, kazi ni njema. Ikishuka moja na nyingine ikabaki juu, bawa la upande mmoja linainuka kwa nguvu kuliko mwenzake na ndege inaanza kubiringika, mithili ya ngalawa iliyopoteza mrengu wa upande mmoja. Kwa kuwa flapu hushushwa ndege ikiwa inaenda polepole na iko karibu na ardhi, aileroni, yaani vile vipande vya nje zaidi vya ukingo wa bawa ambavyo rubani huinamishia ndege kushoto au kulia, zinaweza zisitoshe kuirudisha, na rubani hana muda wa kutafakari.

Ndiyo maana siwashauri wajenzi kuweka mota mbili, moja kwa kila bawa, ingawa najua wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ni rahisi kuliko kupitisha bomba katikati ya kiwiliwili. Mota mbili za aina moja haziendi kwa mwendo mmoja: moja ina grisi nzito zaidi, nyingine waya wake ni mrefu na umeme unaoifikia ni hafifu, na siku fyuzi ya upande mmoja ikikatika utakuwa na flapu moja chini na moja juu. Weka mota moja, isukume bomba moja la chuma linalovuka kiwiliwili, na flapu zote mbili zining'inie kwenye bomba hilo, ili mota ikifa zife pamoja mahali zilipo. Kama mbunifu wa ndege yako amechora mota mbili, basi fuata mchoro wake wote, pamoja na kifaa kinacholinganisha pande mbili na kuzisimamisha zinapoachana. Kuchukua nusu ya mchoro wa mtu ni hatari kuliko kutouchukua kabisa.

Katika kuchagua mota yenyewe, pendelea ile inayosukuma fimbo kwa skrubu yenye meno mapana isiyorudi nyuma inaposukumwa. Zile zenye skrubu ya gololi ni laini na zinatumia umeme kidogo, lakini nyingi zinahitaji breki, kwa sababu upepo unaosukuma flapu juu unaweza kuizungusha skrubu umeme unapokatika. Kumbuka pia kwamba nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka maili 60 za baharini kwa saa hadi 85, mzigo juu ya flapu unakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo mwendo wa juu wa kushushia flapu, ule unaoonyeshwa na mwisho wa utepe mweupe kwenye saa ya mwendo, ni mpaka wa mota yako pia.

Mota inayocheza vizuri ndege ikiwa bandani haijathibitisha lolote, kwa kuwa hakuna hewa inayoipinga. Sisi tulitumia mizani ya kuning'inia, ya aina ile inayopimia korosho, tukaifunga kwenye flapu kwa kamba na kuivuta juu taratibu wakati mota inashusha, hadi kufikia mzigo uliotajwa na mbunifu na bila kuuvuka. Wakati huohuo mtu mwingine alisoma amperi. Namba hiyo ya amperi iandike mahali pa kudumu, kwa maana siku itakapopanda bila sababu utajua kwamba bawaba imeanza kukwama.

Nikija kwenye umeme, kwa mota ndogo ya volti 12 napendelea swichi moja inayogeuza chanya na hasi na inayorudi katikati yenyewe kidole kinapoachia. Relei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, huongeza viungo vya kuharibika, na mguso wake ukishikamana, mota haisimami. Waya usiwe mwembamba: waya wa geji 18 ya Kimarekani (AWG) una ukinzani wa takriban ohmu 0.021 kwa mita, kwa hiyo mita 6 za kwenda na kurudi, zikipitisha amperi 8, zinakupotezea volti 1 nzima. Fyuzi huchaguliwa kwa kulinda waya, nayo ikae mahali ambapo rubani anaweza kukata umeme wa flapu bila kufungua mkanda. Usitumie waya wa nyumbani wenye ganda la PVC, kwa sababu ukishika moto unatoa moshi wa sumu ndani ya chumba kidogo ambacho hakina pa kukimbilia.

Swichi za mwisho wa safari, yaani zile zinazokata umeme flapu inapofika juu kabisa au chini kabisa, huwa na daiodi pembeni, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayoruhusu mota kurudi ilikotoka. Daiodi ikifungwa kinyume, swichi inakata lakini umeme unapita pembeni na mota inaendelea kusukuma. Kwa hiyo bonyeza kila swichi kwa mkono mota ikiwa inatembea, kabla hujaunganisha fimbo na flapu.

Jambo ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi kavu hulipitia haraka ni chumvi. Hapa hewa ina unyevu wa bahari mwaka mzima, iwe ni kusi au kaskazi, na nimefungua viunganishi vya boti vilivyoonekana vizima kwa nje nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, vibanio vya kukandamiza kwa koleo lake maalumu, na mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Sipendi kuunganisha kwa risasi sehemu inayotikisika, kwani waya hukatika pale risasi inapoishia. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikutana moja kwa moja na alumini penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, hivyo paka rangi ya kinga au dawa ya kuziba katikati yake. Mota nayo ifungwe mahali ambapo maji ya mvua hayatuami, na kwenye ncha ya fimbo weka washa pana ili kiungo kikivunjika fimbo isichomoke kwenye bolti.

Chora alama za nyuzi 10, 20 na 30 kwenye ukingo wa flapu, mahali rubani anapoweza kuziona akiwa kitini, hata kama umeweka kipimo cha umeme. Pima upya uzito na mahali unapoegemea, na kama umebadilisha mchoro wa awali, mweleze mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kufunga. Majaribio ya kwanza hewani yafanyike juu sana, kwa hatua ndogondogo na ndani ya utepe mweupe, na kabla ya hapo rubani awe amefanya mazoezi ya kutua bila flapu hata kidogo, kwenye njia ndefu, mpaka mkono wake uzoee mwendo ule mkubwa. Baada ya kila msimu wa mvua, fungua kifuniko, soma amperi na ulinganishe na ile namba uliyoiandika.