Kuonja singo molti: pua kwanza, maji baadaye

Anayemimina singo molti, wiski ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, akapiga funda moja kubwa na kukunja uso, ameonja alkoholi tu. Ukali wa alkoholi hufunika karibu yote ambayo pipa lilikuwa likiyajenga kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo hatua nyingi za uonjaji zina kazi moja: kuukwepa ukali huo bila kuipoteza harufu.

Kwanza, kilichomo chupani. Kwa kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009, singo molti hutokana na kimea cha shayiri peke yake, hukenekwa katika kiwanda kimoja kwa mitungi ya kukenekea, na hukaa si chini ya miaka 3 ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700. Ikitiwa chupani haipaswi kushuka chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Chupa moja inaweza kuchanganya mapipa mengi ya kiwanda hicho, na umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo.

Rangi usiipe uzito. Kanuni hizohizo zinaruhusu kutia rangi ya karameli, na viwanda vingi vinaitia. Kwa chupa zinazouzwa Ujerumani lebo hulazimika kuitaja, na kuisoma lebo ya namna hiyo mara moja kunatosha kumwondolea mtu imani kwamba wiski nyeusi zaidi ndiyo nzee zaidi.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba ili harufu ikusanyike. Glencairn, iliyoingia sokoni mwaka 2001, inafaa sana, na glasi ndogo ya mvinyo yenye shingo nyembamba inafaa pia. Glasi pana ya barafu haifai. Kabla ya kumimina, inuse ikiwa tupu: mara nyingi utakuta harufu ya kabati, sabuni au kitambaa cha kukaushia, na hiyo itaingia kwenye kila unachokinusa. Isuuze kwa maji ya moto, iache ikauke yenyewe, na usiihifadhi ikiwa imefunikwa kifudifudi, kwa sababu hewa iliyochacha hubaki ndani. Mimina mililita 20 hadi 25, ifunike kwa kisahani kidogo, kisha iache dakika 10. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo. Kufanya hivyo huamsha alkoholi kabla ya vingine vyote.

Kunusa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopaharakisha. Anza na glasi usawa wa kidevu, uipandishe taratibu. Fungua midomo kidogo na uvute pumzi fupi fupi. Pua ikichoma umeisogeza mno. Irudishe chini, nusa ngozi ya mkono wako ili pua ipumzike, halafu rudi. Jaribu ukingo wa juu wa glasi, kisha wa chini, na kila tundu la pua peke yake. Karibu wakati wote tundu moja huwa limeziba kidogo kuliko jingine, na hubadilishana zamu baada ya saa kadhaa.

Usianze kwa kutafuta majina ya ajabu. Jiulize kwa makundi: ni nafaka, matunda, mbao au moshi? Ukishapata kundi, lichimbe. Vanila na nazi ni dalili nzuri ya mwaloni wa Marekani, mara nyingi pipa lililokuwa na burboni, wiski ya Marekani ya mahindi. Zabibu kavu, tini na viungo huelekeza kwenye pipa la sheri, mvinyo mkali wa Uhispania. Ndizi na pea huzaliwa mapema zaidi, wakati hamira inapochachusha. Moshi, lami na iodini hutoka kwenye moshi wa peti, yaani udongo wa mimea iliyooza, iliyochomwa kukaushia kimea, kama ilivyo kwa Ardbeg, Laphroaig na Lagavulin za kisiwa cha Islay. Lakini usihukumu kwa ramani: Bunnahabhain iko kisiwa hichohicho, na sehemu kubwa ya wiski yake haina moshi. Ukipata harufu ya kiberiti kilichozimwa au ya mpira, hiyo ni salfa, mara nyingi kutoka mapipa ya sheri. Ikiwa nyepesi huweza kupungua glasi ikikaa wazi. Ikiwa nzito haiondoki, na binafsi naihesabu kuwa kasoro.

Funda la kwanza liwe dogo sana, la kuzoesha mdomo tu, na usilitumie kutoa hukumu. La pili liwe kama mililita 5. Lizungushe hadi chini ya ulimi kwa sekunde 10, meza, funga mdomo na utoe pumzi kwa pua. Pumzi hiyo ndiyo inayobeba harufu kutoka kooni, na mara nyingi huleta kitu ambacho glasi haikukionyesha. Kisha ngoja. Ladha inayobaki baada ya dakika moja inasema mengi kuliko ile ya mwanzo.

Maji

Kutia maji si kuiharibu wiski. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walichapisha hesabu za kompyuta kuhusu guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski harufu ya moshi. Katika mchanganyiko wenye alkoholi hadi asilimia 45, guayakoli hukusanyika karibu na uso wa kinywaji, pua inapoifikia. Ikifika asilimia 59 na zaidi, alkoholi huizunguka na kuishikilia ndani.

Kipimo kipigie hesabu. Zidisha mililita zako kwa asilimia ya chupa, gawa kwa asilimia unayotaka, kisha toa mililita ulizoanza nazo. Mililita 20 za asilimia 60 ukitaka zishuke hadi 48: 20 mara 60, gawa kwa 48, ni 25. Unahitaji mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Yatie kwa awamu mbili, ukinusa katikati, kwa sababu yakishazidi hayatoki. Chupa ya asilimia 40 au 43 imeshatiwa maji kiwandani. Matone machache yanatosha, la sivyo inapwaya. Maji yawe ya joto la chumba na yasinuke klorini. Wiski ambayo haikuchujwa kwa baridi ikigeuka ukungu kidogo, usiogope, ni mafuta na esta (kemikali za harufu) tu. Barafu iache kwa siku nyingine: baridi huzuia harufu kupanda.

Ukiwa na chupa kadhaa, panga kutoka nyepesi kwenda nzito, sheri zifuate, za moshi ziwe mwisho kabisa. Moshi ukitangulia hutasikia kingine. Nne kwa kikao zinatosha. Mililita 20 mara nne kwa asilimia 46 ni takriban gramu 29 za alkoholi safi, kiasi kisichofaa kabisa kwa anayekwenda kuendesha gari, kwa hiyo weka chombo cha kutemea na maji ya kunywa mezani. Kahawa, manukato na dawa ya meno viwe mbali kwa saa moja kabla. Na kila mmoja aandike alichokipata kabla ya mtu yeyote kusema, maana neno la kwanza mezani huwavuta wengine wote.

Chupa isimame wima. Ikilazwa kama mvinyo, alkoholi huila kizibo. Iepushe na jua. Ikibaki theluthi moja, hewa iliyomo huanza kuidhoofisha, na zenye moshi huonyesha mapema, hivyo imalize ndani ya miezi michache au uihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo inayojaa hadi shingoni.