Jiwe lina umri gani, na limeanikwa tangu lini?

Mwalimu wa jiografia wa sekondari moja hapa Mwanza ameniandikia hivi:

"Shikamoo. Niliandaa bango la maonyesho ya shule kuhusu barafu ya kale ya Afrika Mashariki, nikaandika: 'Mawe ya moreni za Rwenzori yana umri wa miaka 20,000 tangu barafu iliporudi nyuma.' Mwenzangu anayefundisha Kiswahili ameipinga sentensi nzima. Anasema jiwe la mlimani haliwezi kuwa changa hivyo, barafu hairudi nyuma, na 'moreni' si Kiswahili. Nani yuko sahihi? Wanafunzi nao wanauliza kama jabali letu la Bismarck, lililo ziwani hapa Mwanza, nalo lililetwa na barafu hiyo."

Marahaba, Mwalimu. Mwenzako amekushinda kwenye umri na kwenye kurudi nyuma. Wewe umemshinda kwenye moreni, yaani kifusi ambacho barafu hukibeba na kukiacha. Nitakaa zaidi kwenye umri, maana hapo kosa si la lugha tu. Sentensi yako inasema jambo ambalo hakuna aliyelipima.

Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, si mlima wa volkano kama Kilimanjaro. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa, na mawe yake yamepita miaka bilioni moja. Ukiandika kwamba jiwe lake "lina umri wa miaka 20,000" umelinyang'anya karibu umri wake wote. Chenye miaka 20,000 ni tukio: barafu kulitua jiwe pale ukingoni na kuliacha wazi chini ya anga.

Tukio hilo hupimwaje? Kutoka anga za mbali hutunyeshea bila kukoma chembe zenye nguvu kubwa ziitwazo miale ya kosmiki. Zikigonga atomu za oksijeni zilizomo katika madini ya kwatsi, baadhi ya atomu hizo huvunjika na kuacha aina adimu ya elementi ya berili, yaani berili-10. Kazi hiyo ni ya polepole mno. Usawa wa bahari, gramu moja ya kwatsi hupata atomu chache tu kwa mwaka. Mlimani hupata zaidi, kwa kuwa hewa inayoikinga ni nyembamba. Mita mbili tatu za mwamba zinatosha kuzuia sehemu kubwa ya chembe hizo, na barafu nene huzuia vilevile. Basi mto wa barafu ukikwangua bonde, ukang'oa jiwe kutoka chini, ukalibeba na kulitua ukingoni mwake, jiwe hilo huanza kujikusanyia berili-10 karibu kutoka sifuri. Baada ya maelfu ya miaka mtaalamu hupanda na nyundo na patasi, akachagua jabali kubwa lililotulia kileleni mwa tuta la moreni, akamega sentimita chache za uso wake wa juu. Maabara hutenga kwatsi, mashine huhesabu atomu, na hesabu hiyo hugeuzwa kuwa miaka. Kilimanjaro na Mlima Kenya mawe yao ni ya volkano na kwatsi ni haba, kwa hiyo huko wametumia klorini-36, aina adimu ya klorini, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Mtu wa kando ya ziwa letu hili, Viktoria, analijua jambo hili bila kusoma fizikia. Pita Igombe asubuhi, ukute dagaa wametandazwa, uulize: "Hawa wana muda gani?" Mwenye dagaa atakujibu kwamba ni tangu saa moja. Hazungumzii siku dagaa alipozaliwa ziwani. Anazungumzia muda wa kuanikwa. Hilo ndilo jina ninalolipendekeza kwa kipimo cha berili: si umri wa jiwe, ni muda wa kuanikwa kwa jiwe. Nimeona baadhi ya waandishi wakisema "umri wa kufichuliwa". Si kosa, ila kufichua kuna harufu ya siri na hatia, na tena ni tendo la mara moja. Kuanika kunabeba yote mawili: kuwekwa wazi, na kuendelea kukaa wazi huku kitu kikibadilika.

Angalia pia jinsi kitenzi hiki kinavyotusaidia pale kipimo kinapokwenda mrama. Kuna mawe yaliyofunikwa na udongo wa tuta kwa maelfu ya miaka, mvua ikauondoa udongo huo baadaye. Hayo yamechelewa kuanikwa, na hesabu yake itatoka ndogo kuliko umri wa tuta. Mengine yaliporomoka kutoka kwenye genge yakiwa tayari na berili-10 ya zamani. Hayo yaliwahi kuanikwa kabla ya safari yao, na hesabu yake itatoka kubwa. "Yamechelewa" na "yaliwahi": vitenzi viwili vya kila siku vinatosha kueleza matatizo mawili makubwa ya taaluma hii. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu hapimi jabali moja tu kwenye tuta. Hupima kadhaa, akatazama kama yanakubaliana.

Umri basi tumpe nani? Tulipe tuta. Ni sahihi kabisa kusema "tuta hili la moreni lina umri wa takriban miaka 20,000", kwa sababu tuta kama tuta lilizaliwa wakati huo, hata kama kila jiwe lililomo ni la kale kuliko wanyama wote. Anayekarabati nyumba hutofautisha umri wa nyumba na umri wa mchanga uliojengea, na hapa tofauti ni hiyo hiyo.

Hapa niseme neno juu ya "kukadiria", kwani najua mwenzako atakuuliza. Wengi hudhani kukadiria ni jina la heshima la kukisia. Sivyo. Anayekisia hana kipimo mkononi. Anayekadiria ana kipimo, na anatangaza pia upana wa shaka yake: elfu moja juu, elfu moja chini. Umri wa moreni hukadiriwa. Ukiandika kwamba "wanasayansi wanakisia" umewadhulumu watu waliobeba mawe mgongoni kutoka mlimani na kuhesabu atomu zake.

Na kuna "angalau", neno dogo ambalo waandishi wetu wengi hulitupa ili sentensi iwe fupi. Mwaka 1962 mtafiti Daniel Livingstone (si David, yule msafiri) alichapisha umri wa tope la chini alilolichimba katika Ziwa Mahoma, ziwa dogo lililo kati ya moreni za Rwenzori, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa mabaki ya viumbe yaliyomo topeni, kilitoa zaidi kidogo ya miaka 14,000. Baadaye sana, berili-10 ya majabali ya Rwenzori ilionyesha kwamba barafu ilianza kupungua yapata miaka 20,000 iliyopita. Msomaji wa haraka ataona ugomvi kati ya namba hizi mbili. Hakuna ugomvi. Tope haliwezi kutuama ziwani mpaka barafu iondoke, tena linaweza kuchelewa. Tope linasema moreni ina miaka angalau 14,000, na miaka 20,000 haipingani na "angalau 14,000". Ondoa neno hilo moja, na kazi nzuri ya Livingstone inageuka kuwa kosa ambalo yeye hakulifanya.

Zaidi ya hapo, miaka ya kaboni si sawasawa na miaka ya kalenda. Katika enzi hizo kaboni huhesabu pungufu mpaka isahihishwe. Na ukikuta katika ripoti za kaboni maneno "kabla ya sasa", jua kwamba "sasa" hiyo imefungwa mwaka 1950 kwa makubaliano. Ukitafsiri kwa "miaka iliyopita" kwenye matukio ya miaka 20,000 hupotezi kitu. Kwenye matukio ya karne chache, eleza.

Sasa barafu kurudi nyuma. Mwenzako ana jicho kali. Mto wa barafu hauendi nyuma hata siku moja. Barafu yake hushuka mlimani kwa uzito wake, hata katika miaka ambayo mto wenyewe unafupika. Unafupika kwa sababu ncha ya chini inayeyuka upesi kuliko barafu mpya inavyofika. Mwanafunzi akisoma "ilirudi nyuma" ataona barafu ikijivuta kupanda mlima, na picha hiyo ikishaingia kichwani haitoki kirahisi. Andika "ilipungua", "ilisinyaa", au "ukingo wake ulipanda". Ziwa letu lilipofurika mwaka 2020 mpaka maji yakaingia kwenye mialo na nyumba za kando, watu hawakusema ziwa limesonga mbele. Walisema limejaa, maji yamepanda. Walitaja kilichotokea kwa maji yenyewe, na barafu inastahili lugha ya namna hiyo.

Chunga pia "tangu" yako. Neno hilo linataka hali inayoendelea mpaka leo, na kwa hiyo linapatana na -me-: "mawe yameanikwa tangu barafu ilipoondoka". Halipatani na "yana umri wa miaka 20,000", kwa sababu umri umekwisha kuhesabiwa. Vivyo hivyo, barafu ya Rwenzori "ilianza" kupungua zama zile, lakini eneo la barafu ya Kilimanjaro "limepungua" kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na linaendelea kupungua tunapoandikiana.

Kuhusu moreni nitakuwa mfupi. Neno linafaa, linaenda na ngeli ya i-/zi-: moreni hii, moreni hizi. Mwenzako angependa "tuta la barafu", lakini tuta la barafu ni tuta lililofanywa kwa barafu, na moreni ni kifusi: mawe, changarawe na udongo uliosagwa. Tena si kila moreni ni tuta; nyingine imetandaa chini ya bonde bila umbo la kuonekana. Ikiwa imejipanga ukingoni, sema "tuta la moreni". Ikiwa imetandaa, "moreni" peke yake inatosha.

Nimalizie na wanafunzi, kwa sababu swali lao ni zuri. Waliona majabali makubwa ya mviringo yamekaa juu ya mengine kutoka Kapripoint hadi Mabatini, wakasikia kwamba barafu hubeba majabali, wakaunganisha. Ni fikra ya kisayansi kabisa, ila hapa haifanyi kazi. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barafu ya zama zile, hata iliposhuka chini kabisa kwenye mabonde ya Rwenzori, iliishia mbali juu ya usawa huo. Itale ya Mwanza ni mwamba wa hapa hapa, wenye zaidi ya miaka bilioni 2. Ulipasuka ukiwa bado chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha pembe zake, kisha mvua za miaka mingi zikachukua sehemu iliyooza. Viini vigumu vikabaki juu ya vingine.

Badala ya barafu, waambie juu ya ukame. Watafiti waliotoboa chini ya Ziwa Viktoria walikuta, chini ya tope la ziwa, udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vya majani. Maji yalirejea yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo barafu ya Rwenzori ilipokuwa inazidi kusinyaa, ziwa "lilikuwa limekauka". Waandike hivyo, kwa vitenzi viwili, wasiandike "lilikauka" tu: la kwanza linaeleza hali waliyoikuta watu wa wakati ule, la pili linaeleza mwanzo wa hali hiyo, na mwanzo wake ni swali jingine.

Bango lako lisomeke hivi: "Tuta hili la moreni la Rwenzori lina umri wa takriban miaka 20,000. Majabali yake ni ya kale zaidi, lakini yameanikwa tangu barafu iliyoyabeba ilipoanza kupungua." Na chini ya picha ya Bismarck: "Jabali hili halikuletwa na barafu. Limebaki mahali pake baada ya mwamba uliooza kuchukuliwa na maji." Mwenzako akitaka kubadilisha "limebaki" kuwa "lilibaki", mkatalie. Liko pale mpaka leo, na -me- ndiyo inayolisema hilo.