Kabati la Bibi: Bakuli la marehemu mama

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yetu alipofariki tulikuta kabatini bakuli lake la kuokea la Pyrex (kile kioo cha oveni), lenye umbo la yai, jeusi na chembe za theluji nyeupe ubavuni, mfuniko wa kioo kitupu. Kitakoni limeandikwa JAJ. Mdogo wangu ameona kwenye simu Pyrex ya zamani ikiuzwa maelfu ya dola, na sasa hataki liguswe hadi tupate mnunuzi. Sisi ni wanne. Je, kweli tuna mali?
Binti wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mama yenu.

Hizo herufi tatu zimenifurahisha, maana ndizo zinazojibu nusu ya swali lako. JAJ ni James A. Jobling, wenye kiwanda cha vioo mjini Sunderland, Uingereza. Pyrex yenyewe ilianza Marekani mwaka 1915 kwa kampuni ya Corning, na Jobling wakapata leseni ya kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo chombo chenu ni cha Mwingereza. Vya Corning havina JAJ, na mara nyingi vina namba ya umbo kitakoni, kama 043 au 475.

Alichokiona mdogo wako nadhani ni Lucky in Love, bakuli la Corning la mwaka 1959, lenye mioyo na majani ya klova. Hayo ni adimu mno, na ndiyo maana wakusanyaji huyagombea. Lenu ni ndugu wa mbali. Theluji za Jobling zilitengenezwa kwa wingi, zikaingia majumbani mwa watu wa kawaida. Dada yangu aliye Leicester alininunulia kama hilo lenu kwa paundi 18, zima, na mfuniko wake. Mwambie mdogo wako asiangalie bei anayoitaka muuzaji, kwani yeyote anaweza kuandika atakacho. Aangalie yaliyokwisha kuuzwa.

Sasa lichukueni mlipeleke dirishani, mlishike kwa mshazari ili mwanga ulipitie ubavuni. Rangi nzima hung'aa kama kucha iliyopakwa hina jana. Ikiwa imefifia na kuwa kama vumbi la chaki, hilo limeoshwa kwa mashine ya vyombo au kusuguliwa kwa steelwool, na hakuna dawa ya kuirudisha. Hapo bei inashuka sana. Kisha pitisha ukucha polepole ukingoni na kwenye masikio yote mawili, maana mapengo madogo huonekana kwa kidole kabla ya jicho. Mfuniko nao uukague hivyo hivyo. Mifuniko ndiyo huvunjika kwanza, na bakuli lisilo na mfuniko wake ni nusu ya chombo.

Msiliweke juu ya jiko, la gesi wala la mkaa. Ni la oveni tu, na lisitoke kwenye friji likaingia motoni. Shangazi yangu alilitia lake juu ya makaa siku ya Idi ili mchuzi usipoe. Lilipasuka kwa mlio mmoja, vipande vikafika hadi mlangoni, na mimi mtoto wa miaka tisa nikakatazwa kuingia jikoni siku nzima. Namkumbuka akiokota ile theluji kipande kimoja kimoja, hasemi neno.

Kama ni zima, ushauri wangu ni msiliuze. Paundi 18 mkigawana wanne hamtapata kitu, na mkono wa mama yenu umelishika miaka yote hiyo. Abaki nalo yule anayejua kuoka mkate wake wa mayai, na wengine waende kula kwake. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji laini. Nawe nitumie picha ya kitako, niione hiyo JAJ vizuri.