Kitabu cha picha mkono mmoja, maharage mkono wa pili

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la watoto wadogo, somo la mbegu utalipenda. Ila kabla hujafika kwenye kabati la vitabu, jua kwamba mtoto wa miaka mitano huamini picha kuliko maneno yako. Msomee kitabu chenye jua linalocheka kwenye kona ya kila ukurasa, naye atashikilia kwamba mbegu huoteshwa na jua, hata umweleze mpaka koo likukauke. Kwa hiyo kichague kitabu kwa picha zake kwanza, hadithi baadaye.

Mimi hukimbilia ukurasa ambao mbegu inaota, nikatazama kinachotangulia kutoka. Mchoraji makini huanza na mzizi unaoshuka, ndipo shina lifuate. Mwenye haraka hukupa majani mawili ya kijani na kuusahau mzizi kabisa. Mbegu yenye macho na mdomo hainisumbui, watoto wanajua huo ni mchezo. Kinachonikera ni kufunua ukurasa mmoja tu na mche ukawa tayari mti wenye matunda. Hata hivyo, kitabu chenye kasoro usikitupe. Kiweke mpaka maharage ya watoto yaote, kisha waache wakisahihishe. Hakuna kazi wanayoifanya kwa bidii kama hiyo.

Siku ya kwanza usianze na kitabu. Loweka maharage usiku kucha, kisha mpe kila mtoto harage moja kavu na moja lililoloa. Lililoloa linachubuka kwa ukucha. Ukilitenganisha, unapata vipande viwili vinene, na pembeni mwa kimoja kijimche kilichojikunja, kidogo mno: hicho ndicho kiinitete. Vipande vile vinene ni akiba yake ya chakula. Wakichore wanavyokiona, ndipo ufungue kitabu.

Soma mpaka ukurasa wa kabla ya kuota, kisha kifunge. Uliza: kitatoka nini kwanza, na kitaelekea wapi? Andika majibu yote ubaoni, hata ya ajabu, na usiseme lipi ni sahihi. Watalalamika wanataka mwisho wa hadithi. Waache walalamike, kitabu kitamaliziwa maharage yakishajibu.

Tumia kopo la plastiki linaloonyesha ndani. Zungushia karatasi laini yenye unyevu, ubane maharage kati ya karatasi na kopo ili yaonekane kwa nje. Maji yawe kidogo tu chini. Mbegu inapumua, ikizama inaoza, na darasa zima litanuka. Kukiwa na joto, mizizi huanza kuonekana baada ya siku chache. Hapo lilaze kopo moja ubavu. Kesho yake au keshokutwa watakuta ncha ya mzizi imepinda na kuelekea chini tena, na hapo hutahitaji kuwahimiza wachungulie.

Sasa lile jua. Kopo jingine lifungie kabatini, gizani. Maharage yataota humo vilevile, na watoto watakitazama kitabu kana kwamba kimewadanganya. Yaache siku kadhaa zaidi: mche utarefuka, mwembamba, umepauka, ilhali wa dirishani ni wa kijani na umesimama imara. Harage linahitaji maji, hewa na joto ili liote. Mwanga ni hitaji la mche. (Zipo mbegu zinazotaka mwanga ndipo ziote, salada ni mojawapo, lakini hilo liache kwa madarasa ya juu.) Ukiweza, panda na mahindi kwenye udongo kando ya maharage. Harage hupanda juu na vile vipande vyake viwili, hindi huacha akiba yake chini, na hapo utaacha kusema kwamba mbegu zote huanza na majani mawili.

Usalama nao usiuchukulie kimzaha. Watoto huingiza maharage puani na masikioni, nayo huvimba yakipata unyevu, kwa hiyo yahesabu unapogawa na unapokusanya. Maharage mabichi hayatafunwi. Mbegu za kilimo zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi hutiwa rangi, zisiingie darasani, wala mbarika, maana ina sumu kali.

Weka mbegu tatu katika kila kopo lenye jina la mtoto, kwa sababu moja ikigoma utapata kilio. Iliyogoma nayo usiitupe kimyakimya. Ipasue mbele yao waone kama imeoza au imetobolewa na mdudu. Vitabu vingi vya picha havina ukurasa wa mbegu isiyoota, basi wape karatasi wauchore wenyewe, nawe uubandike ndani ya kitabu panapostahili.